Sahani Thelathini na Mbili za Mtaa wa Machicha

Ipo nchi moja, jina lake silitaji kwa sababu wenyewe ni wepesi wa kukasirika, ambayo serikali yake inawapenda wananchi kiasi kwamba haipati usingizi bila kujua wamekula nini. Kwa mapenzi hayo ikaundwa Wizara ya Shibe. Wizara ina jengo la ghorofa kumi na moja, lifti mbili ambazo moja hupanda tu na nyingine hushuka tu, na kitengo maalumu cha kuchunguza kila familia inatumia kiasi gani kwa unga, mchele, mafuta, sukari na mboga.

Mwaka huo wizara ilipanga kuzitembelea kaya elfu kumi. Mpango ulikuwa mzuri mno, na kwa uzuri wake ukastahili semina. Semina ikafanyika hotelini wiki tatu, wajumbe wakajadili namna bora ya kuwahesabu wanaokula, huku wakila. Siku ya kufunga, mhasibu akasimama akaeleza kwamba fedha zilizobaki zinatosha kutembelea kaya moja, tena iwe karibu na kituo cha basi. Wajumbe wakapiga makofi. Kaya moja iliyochaguliwa kwa umakini, walisema, inazishinda kaya elfu kumi zilizochaguliwa ovyo. Vikaratasi vikatiwa kwenye kofia ya mkurugenzi, kikachomolewa kimoja, na kikasomwa: nyumba namba kumi na tisa, Mtaa wa Machicha.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Siwatu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, mkaanga vitumbua kando ya barabara, na mlezi wa mjukuu wake mmoja, Zuwena, aliyekuwa na miaka minane na meno mawili ya mbele yaliyokuwa bado yanajishauri kuota. Siwatu na Zuwena walikula mlo mmoja, jioni. Mchana Siwatu alijipoza kwa chai ya rangi, na Zuwena alikunywa uji wa shule, kikombe kimoja saa nne asubuhi. Kikombe hicho ndicho kilichokuwa kikimfanya Siwatu apumue. Kila alipomwona mtoto amerudi na alama nyeupe ya uji juu ya mdomo, alijua siku hiyo imepita salama.

Barua ya wizara ilifika Jumatatu, ina mihuri mitatu na picha ya sufuria. Ilimpongeza Siwatu kwa kuteuliwa kuwa Kaya Wakilishi ya Taifa, ikamjulisha kwamba Alhamisi, saa saba mchana, karani atafika kuangalia familia ya kawaida inavyokula siku ya kawaida.

"Saa saba mchana?" Siwatu alisema. "Saa saba mchana sisi hatuli."

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Havijawa, alimnyang'anya barua akaisoma mara mbili, na kila alipofika kwenye neno "atafika" aliinua macho.

"Bibi Zuwena, huyu ni mgeni."

"Ni karani."

"Karani akivuka kizingiti ni mgeni. Sasa mgeni wa serikali aje akute jiko limelala paka? Mtaa mzima si utaumbuka?"

Hapo msomaji wa nchi za mbali anaweza kuuliza kwa nini hawakumwacha karani aone alichotumwa kuona. Wazo hilo halikupita katika kichwa cha mtu yeyote pale Machicha. Mgeni alikuwa anakuja na mwenyeji hana kitu, na jambo la namna hiyo lina utaratibu wake. Kabla ya Jumatano kuisha, mtaa ulikuwa umejichanga. Havijawa alimtoa jogoo wake, yule aliyekuwa akiwaamsha wote alfajiri. Wa nyumba ya kona wakaleta kilo ya mchele, mwingine nazi mbili, mwingine viungo kwenye karatasi, mwingine mafuta ya kupima. Kila kitu kilikuja kwenye sahani, na kila sahani ilikuwa na jina la mwenyewe mgongoni, limeandikwa kwa rangi ya kucha. Ndivyo wafanyavyo huko, maana sahani zinazunguka sana kwenye arusi na misiba. Tena sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ukiletewa na wali, utairudisha na angalau ndizi mbili au kipande cha muwa. Siwatu hakuwahi kurudisha sahani tupu tangu aolewe.

Alhamisi karani alipiga hodi saa saba kasoro dakika ishirini. Aliitwa Machano. Alikuwa mwembamba, shati lake limepigwa pasi hadi linang'aa, na shingo yake ilikuwa inazunguka ndani ya kola bila kuigusa. Alikuwa na fomu ya kurasa arobaini. Lakini alipovuka kizingiti pilau lilimpokea kabla ya Siwatu, na fomu ikateremka taratibu hadi magotini.

"Karibu, baba, karibu chakula," Siwatu alisema huku akimnawisha mikono. "Utatusamehe, hatukuandaa. Ni hiki hiki kidogo chetu cha kila siku."

Hivyo ndivyo asemavyo kila mwenyeji mwenye adabu, hata akiwa amechinja ng'ombe. Machano naye alizaliwa katika nchi hiyo hiyo na mama yake alisema hivyo hivyo. Lakini fomu ilikuwa na swali namba tatu, *Je, chakula hiki ni cha kawaida?*, na swali namba nne, *Je, kinatosha?* Karani akaandika: *Ni cha kila siku. Mwenye nyumba anasema ni kidogo.*

Kisha akala. Alikula sahani ya kwanza akiwa karani, ya pili akiwa mgeni, na ya tatu akiwa mtu tu, kimya, ameinamisha kichwa. Zuwena alilitazama paja la kuku likiondoka akameza mate, kwa kuwa alishaonywa. Mwishowe Machano akaomba mabaki afungiwe kwenye karatasi, kwa ajili, alisema, ya uchunguzi wa maabara.

Siwatu alimsindikiza hadi barabarani akiwa na furaha. Mgeni ameshiba, mtaa haukuaibika. Jioni ile yeye na mjukuu wake walikula ukoko.

Wiki mbili baadaye Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Dakta Lugendo, alihutubia taifa kwa redio. Havijawa alikuwa na redio yenye sauti, kwa hiyo nusu ya mtaa ilikuwa imekaa kibarazani kwake.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alianza, "wapo watu wenye nia mbaya waliokuwa wakieneza kwamba familia zetu zinalala na njaa. Leo sayansi imesema. Familia ya kawaida ya nchi hii, siku ya kawaida ya Alhamisi, siku isiyo ya idi wala ya arusi, inakula pilau kwa jogoo wa kienyeji! Na si hivyo tu. Mama mwenye nyumba, kwa kinywa chake, amesema hicho ni kidogo! Maana yake siku nyingine huwa ni zaidi!"

Makofi yakasikika redioni. Kibarazani watu walitazamana. Wengine walianza kucheka, maana ilikuwa ni ajabu kusikia jogoo wa Havijawa akitangazwa kitaifa.

"Kwa hiyo najiuliza, na Baraza la Mawaziri linajiuliza: taifa la namna hii linahitaji uji? Tunawapa watoto uji shuleni asubuhi, mchana wanarudi nyumbani kupigana na mapaja ya kuku. Tunawavimbisha, ndugu zangu! Kuanzia Jumatatu, uji wa shule umefutwa nchi nzima. Fedha zake zitaanzisha Idara ya Kupambana na Vitambi."

Kicheko kikakatika. Siwatu alihisi masikio yanawaka moto. Hakuna aliyemwambia neno, wala hakuna aliyemtazama, na hilo ndilo lililomuumiza. Aliinuka akaenda kwake, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema peke yake, "Mimi ndiye niliyewanyang'anya watoto uji."

Jumatatu Zuwena alirudi mdomo mkavu. Jumatano alirudi na kikaratasi cha mwalimu: mtoto anasinzia darasani. Wiki iliyofuata mwalimu mwenyewe alimleta, amemshika mkono, kwa sababu mtoto alikuwa ameanguka mstarini.

"Si yeye tu, mama," mwalimu alisema. "Leo wameanguka saba. Nimeambiwa niandike kwamba ni kwa sababu ya uzito."

Siwatu akamlaza mjukuu wake, akamkorogea maji ya sukari kwa sukari ya mwisho iliyokuwemo koponi, akajitanda kanga yake nzuri. Akaenda wizarani kusahihisha. Alipanda kwa lifti ya kupanda hadi ghorofa ya saba, dirisha namba sita, kwa afisa aliyekuwa akigonga muhuri kwenye karatasi bila kuzisoma.

"Mwanangu, nimekuja kusema ukweli. Yule kuku hakuwa wangu."

"Uliiba?"

"Nilichangiwa. Karani alikuwa mgeni. Nikasema ni chakula cha kila siku kwa sababu ndivyo watu wasemavyo. Sisi hatuli hivyo. Andikeni upya, watoto warudishiwe uji."

Afisa aliacha kugonga muhuri. Alimtazama Siwatu kwa huruma, kama daktari amtazamavyo mgonjwa aliyekuja hospitali tofauti.

"Mama, takwimu imeshasomwa bungeni. Ikishasomwa bungeni haiwezi kukosea. Labda wewe ndiye uliyekosea kula."

"Nifanye nini?"

"Ipo Fomu ya Kukanusha Shibe. Unajaza nakala nne, unaleta shahidi aliyekuwa na njaa siku ile ile, na cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba shahidi alikuwa ameshiba vya kutosha kuwa na akili timamu. Kisha unalipia."

"Shahidi ana njaa na ameshiba?"

"Siku ile ile," afisa alisema. Alipoona machozi yanamlenga Siwatu, akashusha sauti. "Nisikilize, mama yangu. Usijisumbue. Karani atarudi baada ya miezi mitatu, awamu ya pili. Wewe mwonyeshe ukweli. Akikuta tofauti, ataandika tofauti, na uji utarudi."

Siwatu alishuka kwa ngazi, kwa kuwa lifti ya kushuka ilikuwa imekwama juu. Njia nzima alijipa moyo kwa maneno hayo: mwonyeshe ukweli, na uji utarudi.

Miezi mitatu ile ilikuwa mirefu. Bei ya unga ilipanda, kwa sababu wenye maduka nao walisikia redio, wakasema watu wanaokula jogoo Alhamisi hawawezi kushindwa na unga. Vitumbua havikununuliwa tena. Siwatu akaacha hata chai, akamwachia Zuwena. Mtoto akawa na macho makubwa, na yale meno mawili hayakuota.

Alhamisi ya awamu ya pili, Havijawa aliingia mapema akiwa na wasiwasi.

"Shoga, mgeni anakuja. Sina jogoo tena, lakini kuna wa nyumba ya kona amesema anazo dagaa kidogo..."

"Leo sikopi."

"Utamkalisha mtu mkekani hivi hivi?"

"Nitamkalisha hivi hivi."

Kusema hivyo kulimgharimu kuliko mtu wa nje awezavyo kujua. Machano alipopiga hodi, Siwatu alimkaribisha, akamtandikia mkeka, na kwa mazoea ya miaka yote akachukua birika akamnawisha mikono. Mikono ya karani ikabaki inachuruzika maji, hakuna cha kushika. Siwatu aliona haya hadi akashindwa kumtazama usoni. Akampa glasi ya maji, basi.

Machano akafungua fomu.

"Wiki hii umetumia kiasi gani kwa mchele?"

"Sikununua."

"Nyama? Samaki?"

"Sikununua."

"Mafuta? Sukari?"

"Baba, sikununua kitu. Jana na juzi tumekula mchicha tuliochuma kando ya mfereji. Wiki hii sijatoa hata senti, sina ya kutoa. Andika unachokiona."

Karani aliiweka kalamu juu ya fomu. Kisha akasema, akiitazama glasi, "Mama, mara ile ya kwanza nilijua."

"Ulijua nini?"

"Niliponyanyua sahani niilambe mchuzi, niliona jina chini. Si lako. Nikaigeuza na ya pili, nayo jina jingine. Nikajua nimekula mtaa mzima. Lakini nilikuwa sijalipwa mshahara miezi minne, na nyumbani nina watoto watatu. Nikala, nikanyamaza, nikawafungia na mabaki." Aliinamisha kichwa. "Hakukuwa na maabara."

Siwatu hakumkasirikia. Alitaka kumkasirikia, akakuta hana nguvu hiyo.

"Sasa leo usinyamaze, mwanangu."

"Leo sinyamazi," Machano alisema. Akaandika sifuri kwenye mchele, sifuri kwenye nyama, sifuri kwenye mafuta, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mkubwa usioweza kufutwa. Mwisho kabisa, kwenye *Jumla ya matumizi ya kaya kwa chakula*, akaandika sifuri moja nene, akaizungushia duara, akatia sahihi. "Safari hii hawana pa kukwepea."

Siwatu alimwambia Zuwena kwamba uji unakaribia kurudi. Mtoto akauliza kama utakuwa na sukari.

Tangazo lilikuja Jumatano iliyofuata, na sauti ya Mheshimiwa Dakta Lugendo ilikuwa inatetemeka kwa hisia.

"Ndugu wananchi! Nimekuwa waziri miaka kumi na sita, sijawahi kushika karatasi kama hii niliyoishika leo. Miezi mitatu iliyopita familia ya kawaida ilikuwa ikitumia fedha nyingi kwa chakula. Leo inatumia sifuri! Sifuri, ndugu zangu! Gharama ya chakula katika nchi yetu imeshuka hadi imekwisha! Hakuna taifa lililowahi kufika hapa. Chakula sasa ni bure!"

Kibarazani kwa Havijawa hakuna aliyecheka. Mheshimiwa akaendelea kutangaza kwamba, kwa kuwa chakula ni bure, posho ya chakula kwa wafanyakazi wote imefutwa, na mazungumzo yoyote kuhusu uji ni kumtukana mkulima. Akamalizia kwa kusema kwamba Jumamosi yeye mwenyewe, pamoja na wajumbe kumi na wapiga picha, ataitembelea Kaya Wakilishi kuishukuru. Ujumbe hautabeba chakula, kwa sababu za wazi.

Redio ikazimwa. Siwatu akasimama mbele ya majirani zake.

"Jumamosi nina wageni," alisema. "Naomba sahani zenu."

"Siwatu," Havijawa alisema polepole, "hatuna cha kutia."

"Sijaomba cha kutia. Nimeomba sahani."

Jumamosi asubuhi zikaja sahani thelathini na mbili. Siwatu alizipanga mkekani safu kwa safu, zote zimefunikwa kifudifudi, migongo juu, majina yanasomeka. Zuwena alikaa pembeni ukutani kwa kuwa kusimama kulimchosha.

Mheshimiwa aliingia akipepewa, akatabasamu kwa kamera, akatazama mkeka. Tabasamu likabaki lakini macho yakaanza kutafuta.

"Mama yetu, hongera sana. Na chakula kiko wapi?"

"Karibu, Mheshimiwa. Ni hiki hiki chetu cha kila siku."

Wajumbe wakakohoa.

"Na haya maandishi?"

"Ni majina ya watu." Siwatu alipiga magoti akaanza kuzigusa moja moja, na sauti yake haikutetemeka. "Huyu Havijawa, jogoo uliyemtangaza redioni alikuwa wake. Huyu ndiye aliyetoa mchele. Huyu nazi. Huyu mafuta. Hawa ndio walimlisha karani wako siku moja kwa vitu vya mwezi mzima, kwa sababu alikuwa mgeni. Mimi sikuwa na kitu. Leo na wao hawana. Yule pale ni mjukuu wangu, alikuwa akinywa uji shuleni. Nirudishie uji wake, Mheshimiwa. Sitaki pongezi."

Kwa kitambo kidogo Mheshimiwa alimtazama Zuwena, na wapo wanaoapa kwamba uso wake ulibadilika. Lakini msaidizi wake alimwinamia akamnong'oneza kitu, na uso ukarudi ulikokuwa. Akaigeukia kamera, mikono ameifungua.

"Ndugu wananchi, mmeona wenyewe! Watu wawili, sahani thelathini na mbili! Sahani kumi na sita kwa kila mtu! Ni nani tena atasema nchi hii ni maskini?"

Wajumbe wakapiga makofi hadi vumbi likadondoka kwenye paa. Kabla ya jua kuwa la utosi wote walikuwa wamekwisha panda magari, na msemaji wa wizara akabaki nyuma kuwaeleza waandishi kwamba kodi ya vyombo itaanza mwezi ujao. Machano, tulisikia baadaye, alihamishiwa kituo cha jangwani, anahesabu matone ya mvua.

Siwatu alipanga sahani zote ndani ya beseni. Alikuwa amezisuuza, ingawa hakuna aliyekula. Akatazama kila pembe ya nyumba akitafuta cha kuweka juu ya ile ya kwanza, hata punje, hata jani la mchicha. Hakupata. Akatoka hivyo hivyo, akajitwisha beseni, akabisha mlango wa ukuta wa pili.

Havijawa alifungua. Siwatu akamnyoshea sahani kwa mikono miwili, na hapo ndipo machozi aliyoyazuia mbele ya waziri yalipomtoka.

"Nisamehe, mwenzangu. Nimekurudishia tupu."

Havijawa aliipokea, akaipangusa kwa pindo la kanga, akaikumbatia kifuani.

"Hata mimi," alisema, "nilikupa tupu."

Kisha Siwatu akajifuta macho, akarekebisha beseni kichwani, akaenda kubisha mlango wa pili. Ilibaki milango thelathini na moja.